"Uliokoka lini?" Sina tarehe, na ile niliyoitoa kanisani si ya kweli

Mshonaji wa Majengo

Wapendwa, Bwana asifiwe. Haya nimeyaandika mara tatu nikayafuta. Leo umeme upo, watoto wamelala, acha niyatoe.

Mimi ni mshonaji hapa Goma, mtaa wa Majengo. Nashona sare za shule, na vikwembe, yaani vitenge, vya harusi msimu ukifika. Nilizaliwa katika nyumba ya Wakatoliki. Nilibatizwa nikiwa na wiki tatu. Picha iko kwa dada yangu, mama wa ubatizo amenibeba, mimi nimelala. Nikapokea komunyo ya kwanza, nikapata kipaimara, na sala ya shirika ilikuwa ikifika kwetu kwa zamu, majirani wamejaa mpaka mlangoni. Halafu nikaolewa na mume wa kanisa la Kipentekoste. Kabla ya ndoa nikafuata darasa la ubatizo, wakanizamisha katika Ziwa Kivu saa kumi na mbili asubuhi, maji baridi kama nini. Gauni lile jeupe nililishona mwenyewe, nikafungia vijiwe vidogo ndani ya upindo ili lisielee juu ya maji.

Kwa hiyo maji nimeyapata mara mbili. Lakini tunafundishwa kwamba maji si kuzaliwa. Kuzaliwa mara ya pili ni ile siku uliyompokea Yesu moyoni, na siku hiyo mtu lazima aijue. Anayesimama kutoa ushuhuda huanza na tarehe. Mume wangu ana yake. Mama mkwe ana yake, na saa anaijua. Mimi kwa miaka tisa nilikuwa nasema tu "namshukuru Mungu kwa wokovu" halafu nakaa.

Mwaka juzi wakaniomba niwe mmoja wa viongozi wa akina mama. Kulikuwa na fomu, na ndani ya fomu mstari: tarehe ya kuzaliwa mara ya pili. Na kabla ya kupewa kazi, unasimama mbele ya watu unashuhudu. Nikasimama. Nikasema nilizaliwa mara ya pili tarehe 22 Mei 2021, usiku wa volkano, njiani kwenda Sake.

Usiku ule sisi sote wa huku tunaujua. Saa moja jioni mbingu ya upande wa Nyiragongo ikawa nyekundu, na moto ulikuja mpaka Buhene, si mbali na sisi. Nilichosema kanisani karibu chote kilikuwa kweli. Kweli nilibeba kwanza kichwa cha mashine ya kushona, nikafika kona ya barabara ndipo nikakumbuka kwamba mama mkwe, ambaye miguu yake ni mibovu, nimemwacha kitandani. Nikarudi. Kweli tulitembea usiku kucha na watu wengi kama maji. Kisicho kweli ni pale niliposema kwamba njiani nilipiga magoti nikamkabidhi Yesu maisha yangu, nikasikia amani. Sikupiga magoti. Sikusikia amani, nilisikia hofu tu. Na sala iliyonitoka mdomoni, mimi mama wa kanisa la Kipentekoste, ilikuwa "Salamu Maria, umejaa neema", ileile niliyofundishwa na marehemu mama yangu. Niliirudia mpaka Sake.

Watu wakasema amina kwa nguvu. Na wiki iliyofuata binti mmoja anayesuka nywele alinifuata nyumbani akilia, akaniambia kwa ushuhuda wangu naye ameokoka. Tangu siku hiyo nikimwona njiani napita upande mwingine.

Nyongeza moja, maana nataka mnijue vizuri. Sisemi kwamba hakuna kilichobadilika ndani yangu. Mteja akileta kikwembe cha yadi 6, fundi anayejua kukata anaweza kubakiza kipande kizuri bila mwenyewe kujua. Miaka mingi nilivalisha watoto wangu kwa vipande hivyo, vingine nikauza. Ni wizi, lakini sikuuita wizi. Siku moja mteja alikuja kuchukua nguo yake, nikajikuta namkunjia na kipande chake, namwambia "hiki ni chako, kitatosha blauzi ya mtoto." Akashangaa. Nami nilishangaa, kwa sababu nilitambua kwamba si mara ya kwanza, nimekuwa nikivirudisha kwa muda. Tangu lini? Sijui. Hakuna aliyenihubiria juu ya vipande.

Sasa nauliza. Mtu asiyejua siku, amezaliwa kweli? Ubatizo wa wiki tatu ulikuwa ndio kuzaliwa, au ulikuwa kuoshwa uso tu? Na huu uwongo wangu nifanye nao nini? Nawaomba mnijibu kwa moyo. Silali.

---

Motari wa Ndosho

Mama, aksanti kwa ukweli wako. Sikuhukumu hata kidogo. Lakini nitakuambia ninavyoamini, usinichukie.

Mimi tarehe ninayo. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, 2016. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikunywa kasiksi mpaka nikalala kwenye mfereji, pikipiki ya bosi imelala juu ya mguu wangu. Asubuhi waimbaji waliokuwa wanaenda kanisani wakanitoa, wakanipeleka vilevile na matope yangu, nikakaa nyuma. Pasta alipoita, nilikwenda mbele. Tangu siku hiyo sijaonja pombe, na mke wangu aliyekuwa amerudi kwao alirudi kabla ya Noeli. Maandiko yanasema mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya, ya kale yamepita. Paulo kwenye njia ya Dameski alijua siku na alijua mahali. Mtu aliyetoka gizani akaingia kwenye nuru, mama, anawezaje asijue alipovuka mlango?

Ushauri wangu ni rahisi. Usibishane na zamani. Piga magoti usiku huu, mpokee Yesu, andika tarehe ya leo kwenye ile fomu. Kesho hautakuwa na swali tena.

---

Mshonaji wa Majengo

Ndugu motari, aksanti, na Mungu amlinde mke wako. Ile sala nimeiomba. Kila mhubiri anapoita, mimi nainamisha kichwa nairudia kimya kimya, nisipitwe. Labda mara arobaini, labda zaidi. Kila mara nimeiomba kwa moyo wote. Niandike ipi?

---

Katekista, Kadutu

Tumsifu Yesu Kristo, mama. Nakuandikia kutoka Bukavu. Nimefundisha wakatekumeni kwa miaka mingi na swali lako la pili nitalijibu bila kuzunguka.

Kanisa lililokubatiza linaamini kwamba siku ile ya wiki tatu ulizaliwa. Haikuwa mfano wa kuzaliwa, wala maandalizi yake. Yesu alimwambia Nikodemo "mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho, hawezi kuuingia ufalme wa Mungu", na Wakristo wa mwanzo walisoma maneno hayo wakaelewa kisima cha ubatizo. Mtakatifu Yustino, aliyeuawa Roma kwa ajili ya imani katika karne ya 2, anaeleza jinsi walioamini walivyokuwa wakipelekwa penye maji na hapo kuzaliwa upya. Paulo katika waraka kwa Tito anauita ubatizo "kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili". Ndiyo maana kila Dominika tunasema "naungama ubatizo mmoja". Kwa imani yetu, ule wa ziwani haukukuzaa mara nyingine. Sisemi ulikuwa mchezo, maana ulimwendea Mungu kwa unyofu, na vile vijiwe vya upindo vimenigusa. Nasema tu kwamba mtu hazaliwi mara mbili kwa mama yule yule.

Mtaniuliza: mtoto mchanga anaamini nini? Haamini kitu, anaaminiwa. Wazazi na msimamizi wanajibu kwa niaba yake, na deni la jibu hilo linambaki yeye akikua. Hapa ndipo nakubaliana kidogo na ndugu motari. Wapo wengi waliozaliwa kwa maji wakabaki kama mbegu iliyosahauliwa kwenye gunia. Ndiyo maana usiku wa Pasaka tunasimama na mishumaa tunaulizwa upya kama tunamkataa shetani na kama tunamwamini Mungu, watu wazima, kila mwaka. Hapo hatuzaliwi upya. Tunakubali kwa mdomo wetu kile tulichofanyiwa tukiwa tumelala.

Na ile Salamu Maria ya njia ya Sake, usiionee haya. Mtu akiogopa sana husema lugha ya nyumbani.

Juu ya uwongo, unajua jina lake. Ni dhambi, na dhambi ina mahali pa kuungamwa.

---

Motari wa Ndosho

Papa katekista, kwa heshima. Nimebeba kwenye pikipiki watu wangapi waliobatizwa wachanga, na midomoni matusi, mfukoni pesa za wizi? Maji peke yake hayazai.

---

Katekista, Kadutu

Na mimi nimewaona walionyoosha mkono Jumapili wakaiba Jumatatu. Tusihesabiane, mwanangu. Kwako na kwangu mti unaangaliwa matunda.

---

Mkunga mstaafu

Shikamooni wote, na wewe mshonaji, binti yangu, shika moyo.

Mimi ni Mprotestanti, wa kanisa la Kibaptisti, lakini sitaki kujibu kama mtu wa kanisa fulani. Nataka kujibu kama mkunga, kwa sababu Bwana Yesu ndiye aliyechagua neno kuzaliwa. Angeweza kusema kusajiliwa, au kuhitimu. Alisema kuzaliwa, na hiyo ni kazi niliyoifanya kwa miaka 34, mingine hospitali, mingine kwa taa ya petroli barabara zilipofungwa.

Jambo la kwanza. Katika watoto wote niliowapokea sijaona mmoja aliyejizaa. Mama anasukuma, mkunga anapokea, mtoto anapita. Kichwa kinageuka chenyewe njiani, mabega yanafuata, naye hajui kama anageuka. Kazi yake ya kwanza ni pumzi, na hata hiyo haitengenezi, anaivuta tu kwa sababu hewa imeshamzunguka. Ndiyo maana nikisikia watu wanasimulia wokovu wao kama kitu walichokifanya wao, siku na saa, nasikiliza kwa heshima lakini moyoni nauliza: na yule aliyekuwa anasukuma, mbona hatajwi?

Jambo la pili. Kuna mama anafika mlangoni akishika tumbo, na kabla sijavaa glavu mtoto yuko mikononi. Mwingine anaanza Alhamisi usiku, anazaa Jumamosi alfajiri. Huyo wa pili, mkimuuliza mwanawe alianza kuzaliwa lini, atawaambia nini? Motari, mwanangu, wewe ni wa lile kundi la kwanza. Mungu alikutoa kwenye mfereji kwa haraka kwa sababu ungekufa mle. Lakini usiseme kila mtoto atoke hivyo.

Jambo la tatu ni hili la tarehe. Mimi mwenyewe siijui siku yangu. Mama yangu, hajui kusoma, alikuwa akisema: "Nilikuzaa maharage yakivunwa, kidogo kabla ya uhuru." Basi. Wengi wa rika langu ni hivyo. Kwenye karatasi zetu za zamani waliandika kwa Kifaransa "née vers", yaani alizaliwa karibu mwaka fulani. Nilipokwenda kuchukua kadi ya uchaguzi, kijana wa mashine aliniambia karibu haiingii, mashine inataka siku. Tukaweka 01/01/1958. Nchi yetu imejaa watu waliozaliwa tarehe moja Januari! Lakini sijaona mtu akitazama kadi yangu halafu akashuku kama nimezaliwa. Wananiona nimesimama mbele yao.

Mtoto akizaliwa hatumuulizi siku. Tunaangalia rangi ya ngozi, tunasikiliza moyo, tunagusa nyayo kuona kama anavuta mguu. Wewe umetuambia mwenyewe: ulianza kurudisha vipande bila mtu kukuambia, na hukujua umeanza lini. Binti yangu, huo ndio mguu unaovutwa.

Sasa la uwongo, na hapa sitakubembeleza. Unahangaika na fomu na viongozi na tarehe, lakini mtu uliyemkosea ni yule binti anayesuka. Unamkimbia njiani. Yeye labda anafikiri ana kosa. Nenda kwake kabla ya kwenda kwa pasta. Usitume ujumbe kwa simu. Nenda ukae naye. Usijitetee kwa volkano.

Na kama unaogopa kwamba ukimwambia ukweli imani yake itakufa, nikuambie nilichokiona. Niliwahi kupokea mtoto nikiwa na homa kali, mikono inatetemeka, kosa dogo nilifanya na mama akapata shida wiki mbili. Mtoto sasa ni fundi umeme. Anapumua kwa mapafu yake, hapumui kwa yangu.

---

Mwanafunzi wa teolojia

Mama mkunga, shikamoo. Nimesoma jibu lako mara mbili na nimelisoma kwa sauti kwa wenzangu wa chumba.

Mimi namalizia masomo Bukavu. Naomba niongeze kitu cha maandiko, kwa sababu dada ni mshonaji na nafikiri kitamfaa kuliko mtu mwingine.

Katika Yohana sura ya 3, pale Biblia zetu zinaposema "mara ya pili", neno la Kiyunani ni anothen. Lina maana mbili: "tena" na "kutoka juu". Yohana analitumia kwa makusudi ili yote mawili yasikike. Nikodemo alisikia "tena" peke yake, ndiyo sababu akauliza kama mtu mzima anaweza kurudi tumboni mwa mama yake. Aliwaza kurudia. Yesu hakuwa anazungumza juu ya kurudia, alikuwa anazungumza juu ya chanzo. Sura hiyohiyo, mstari wa 31, "yeye ajaye kutoka juu", ni neno lilelile. Na mbele ya Pilato, "usingepewa kutoka juu", ni lilelile.

Lakini fungua sura ya 19, mstari wa 23. Askari wamemsulubisha, wanagawana nguo, wanafika kwenye kanzu. Yohana anasema kanzu ile haikuwa na mshono, imefumwa yote toka juu. Toka juu: anothen. Neno la Nikodemo liko kwenye nguo ya Yesu. Sitaki kulilazimisha liseme zaidi ya linavyosema, na walimu wangu wangenikemea nikidai Yohana alikusudia fumbo hapo. Lakini dada, wewe unajua kuliko mimi. Nguo iliyoshonwa, mtu anaweka kidole: mshono umeanza hapa, umeishia hapa. Nguo iliyofumwa yote kutoka juu, utaweka kidole wapi?

Kingine ni Nikodemo mwenyewe. Anamjia Yesu usiku, anaondoka, na sura haituambii aliitika nini. Sura ya 7 yupo barazani kati ya wenzake, anamtetea Yesu kwa sentensi moja ya woga woga, wanamzomea. Sura ya 19 analeta manemane na uudi, yapata ratli mia, anazika mwili wa mtu aliyesulubiwa, watu wakimwona. Kati ya usiku ule na maziko yale, alizaliwa siku gani? Mtu wa kwanza kuambiwa habari ya kuzaliwa mara ya pili, Injili haikumwandikia tarehe. Na Yesu alimwambia mapema: upepo huvuma upendako, sauti yake waisikia, lakini hujui unakotoka wala unakokwenda. Kwa Kiyunani upepo na Roho ni neno moja.

Ndugu motari, sikupingi juu ya siku yako. Historia ina watu kama wewe. John Wesley, ambaye Wamethodisti wanatoka kwake, aliandika kwamba tarehe 24 Mei 1738, London, katika mtaa wa Aldersgate, kama saa tatu kasorobo usiku, alisikia moyo wake umepata joto la ajabu. Saa kabisa. Lakini alikuwa padri wa Kianglikana miaka kumi kabla ya hapo, anafunga, anatembelea wafungwa. Miaka ile yote Mungu hakuwa likizo.

La mwisho. Huku kwetu Maziwa Makuu desturi ya kusimama kushuhudu imepata nguvu nyingi kutoka kwa uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wazee wa uamsho ule hawakusimama kueleza ushindi tu. Walisimama kuungama: nimeiba, nimemdanganya mke wangu, nimemchukia ndugu huyu aliyekaa hapa. Waliita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Kwa hiyo dada, ukisimama tena kusahihisha ushuhuda wako, hutakuwa unavunja desturi ya kanisa lenu. Utakuwa umeirudisha kwao.

---

Motari wa Ndosho

Ile ya Nikodemo sikuwahi kuiangalia hivyo. Nitaisoma tena. Tarehe yangu siiachi!

---

Mkunga mstaafu

Usiiache, mwanangu. Ni yako.

---

Mshonaji wa Majengo

Wapendwa, nimerudi. Siku kumi zimepita.

Kwanza kanzu. Mwanafunzi, Mungu akubariki. Usiku ule nilikaa na mashine yangu sikushona kitu. Watu hawajui, lakini kitu kigumu kuliko vyote katika kazi yetu ni mshono usioonekana. Unakunja, unapiga pasi, unapitisha sindano ndani, na bado fundi mwenzako akigeuza nguo anauona. Nimejaribu maisha yangu yote. Nguo isiyo na mshono kabisa hakuna fundi anayeishona. Lazima ifumwe. Ile tarehe ya 22 Mei ilikuwa mshono wangu, nilijaribu kuuficha, na mimi peke yangu nilikuwa naugeuza kila siku nauona.

Baba katekista, nimepata ile picha kwa dada yangu. Mama wa ubatizo amefariki, sikumbuki sauti yake. Nimeiweka ukutani, mume wangu ameiona hakusema kitu, halafu jioni akaleta msumari mzuri zaidi.

Sasa yule binti. Nilikwenda Jumanne, anapofanyia kazi, karibu na soko la Virunga. Alikuwa na mteja, nywele nusu. Nikakaa kwenye bidoni nikangoja saa nzima na zaidi. Nilitaka kuondoka mara mbili. Mteja alipoondoka nikamwambia yote, bila volkano ya kujitetea, kama mama mkunga alivyosema. Sikupiga magoti. Sikusikia amani. Nilisali Salamu Maria.

Alinyamaza, anaokota nywele za chini anaziweka kwenye mfuko. Nilifikiri analia. Halafu akasema: "Mama, mimi ile ya kupiga magoti hata siikumbuki. Nilichosikia ni kwamba ulibeba mashine ukamwacha mama mkwe."

Akaniambia kwamba usiku ule naye alikimbia. Alikuwa na bibi yake nyumbani. Hakurudi. Bibi alitolewa na jirani akawekwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akasukumwa na vijana asiowajua mpaka mbali. Bibi hakuwahi kumlaumu, na ndiyo iliyokuwa inamuua. Miaka yote alikuwa akifikiri hakuna mtu mwingine Goma nzima aliyefanya hivyo. Aliposikia mama wa kanisa anasema mbele ya watu "nilifika kona ndipo nikakumbuka", alitoka nje ya kanisa, akaenda kwa bibi moja kwa moja, akamwomba msamaha. Huko ndiko alikookoka, anasema, chumbani kwa bibi, bibi anakula bugali.

Sikujua niseme nini. Nilimsaidia kufunga meza yake, jua lilikuwa linazama.

Nimekwenda pia kwa mama mkuu wetu, nikamwambia. Alikasirika, na ana haki. Amesema kazi ya uongozi isubiri, nami nimekubali. Ile fomu iko kwenye droo ya mashine, mstari bado mtupu. Lakini nimemwomba nafasi ya kusimama katika ibada ya shuhuda, Jumapili hii inayokuja, akafikiri, akaniandika wa tatu. Binti amesema atakuja na bibi yake kama miguu itakubali, vinginevyo watachukua pikipiki.

Ndugu motari, kama uko huru asubuhi hiyo saa mbili, niandikie, nikupe njia ya kwa bibi. Na mama mkunga, kama kanisa lenu linamaliza mapema, uje ukae upande wa akina mama, mbele kidogo, nikuone. Nitakuwa nimevaa kikwembe cha kijani.